Gauni Jeupe la Wifi Gaudensia

Bunda, Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Mwanangu Lilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Arusha? Miguu bado inavimba? Mume wako Faustine aliniambia kwamba unalala kwa shida na daktari amekukataza safari mpaka ujifungue. Namshukuru sana huyo mkwe wangu, bila yeye nisingejua kama nina mjukuu njiani. Mimi mama yako ni mzima, isipokuwa goti la kukanyagia cherehani linanisumbua asubuhi.

Nakuandikia kwenye daftari kwa sababu simu yangu hupokei, na meseji unanijibu "sawa mama", basi. Nitaandika masika yote. Mvua zikiisha nitalifunga daftari kwenye karatasi na kumpa kondakta wa basi la Arusha. Ukitaka usome, usipotaka uliweke, lakini usilitupe.

Leo nimepakwa majivu. Padri alisema Kwaresima ni wakati wa kuvua. Hakusema kuvua nini. Nikawaza gauni lako la harusi.

Nilitaka kuandika habari yake leo, nimeogopa. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Nimeshona sketi mbili za shule, hakuna mteja mwingine.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, 9 Machi

Altareni hakuna ua hata moja, kitambaa cha zambarau tu. Unajua Kwaresima ilikuwaga inanikosesha raha toka utoto. Kanisa likiwa tupu najisikia kama nyumba imeibiwa.

Basi niandike. Julai mwaka jana ulikuja na gauni ulilojishonea mwenyewe. Jeupe, refu, mikono mpaka kwenye kiwiko, halina lesi, halina shanga, halina rinda. Nikakuuliza, "Hili limekwisha?" Ukasema, "Limekwisha mama." Ijumaa mchana ukaenda saluni kusuka. Mimi nikakaa nalo chumbani. Nikawaza, mtoto wa fundi Matrida, fundi ambaye nusu ya maharusi wa Bunda wamepita mkononi mwake, anaingia kanisani kama mtumishi wa altare. Watu watasema mama yake ni mchoyo au amechoka. Nikafungua sanduku langu. Ile lesi niliyoitunza toka ulipopata Kipaimara nikaizungusha shingoni na kwenye mikono, nikapanga shanga kiunoni, nikaweka rinda tatu chini.

Uliporudi ulilitazama muda mrefu. Kesho yake ukalivaa. Watu walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na mimi nikajua nimekufurahisha.

Ulipoondoka hukuaga vizuri. Toka siku hiyo ni "sawa mama".

Naomba unielewe, sijitetei. Nimekulia Butiama na gauni moja la marekani, kitambaa kile cha kijivu kinachokwaruza. Siku moja mama yangu alipata kipande cha utepe mwekundu, akakishona kwenye pindo. Lilian, nilitembea siku hiyo kama mtu amenizaa upya. Wewe umekulia kwenye masalio ya vitenge na lesi. Wewe unaweza kupenda kitu kitupu. Mimi utupu naujua.

Jumatano, 12 Machi

Clementi, mtoto wa shangazi yako Gaudensia, amepiga simu toka Murangi. Hospitali wamemrudisha mama yake nyumbani. Ule ugonjwa wa kizazi umeenea. Wamesema kaeni naye.

Sijashona kitu leo.

Ijumaa, 14 Machi. Murangi

Nimefika kwa pikipiki kupitia Bugwema, mavumbi mpaka kwenye meno. Kule ziwani mawingu yamekaa chini lakini hayadondoshi.

Nilimkuta wifi kitandani amevaa lile gauni la zambarau nililomshonea jubilei ya parokia, lenye shanga kifuani na mgongoni. Amekwisha, Lilian. Ule mwili wote uliokuwa ukijaza benchi la mbele hauko. Lakini mdomo ni ule ule.

"Karibu, mwizi wa kaka yangu."

"Kaka yako alinifuata mwenyewe na baiskeli ya kukopa."

"Na wewe ukamwekea lesi hata kwenye mto, maskini. Alikuwa anaamka na alama shavuni." Akacheka, halafu akakohoa. "Umekuja kunipima au kunitazama?"

"Kukutazama."

"Nipime. Ila fanya haraka, napungua kila siku, kesho hiyo futi yako itakudanganya."

Nilidhani utani. Haukuwa utani. Alimwambia Nyangi, mke wa Clementi, atoke nje kidogo. Akanishika mkono.

"Wifi, nataka gauni la kuzikiwa. Poplini nyeupe. Usiweke kitu."

"Kitu kama nini?"

"Kama kitu. Ua, shanga, lesi, rinda, kifungo cha dhahabu. Usiweke."

"Gaudensia, miaka thelathini nimekuvisha..."

"Miaka thelathini nikiingia kanisani wanasema, mmeliona gauni? Nilifurahi, sikatai. Siku hiyo wanaangalia mara ya mwisho. Nataka waniangalie mimi."

Nilichukua futi nikampima. Nyangi aliporudi tulimgeuza wifi ili tumpake mafuta mgongoni. Tulipolivua lile gauni nikaona. Kila shanga niliyoshona mgongoni imeacha alama yake kwenye ngozi, nyekundu, kwa mistari, ua langu lote limechorwa pale. Kama mtu aliyelala juu ya changarawe.

Nikamuuliza, "Kwa nini unalala na hili?"

Akasema na uso kwenye mto, "Clementi aliniambia unakuja. Nimevaa usijisikie vibaya."

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi Bunda. Mvua imeanza jioni.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda dukani kununua poplini. Nikaishika, nyepesi, kama shuka ya hospitali. Nikachukua satini. Nilijiambia kwamba satini inaanguka vizuri na haina kitu juu yake, kwa hiyo sijavunja neno. Nilijua navunja.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua siku ya nane. Gauni limekwisha kushonwa, nimelitundika ukutani barazani. Miriamu, fundi mwenzangu tunayepanga naye baraza, aliacha kula mihogo yake akalitazama.

"Mama Lilian, hilo ni gauni au foronya?"

"Ni la Gaudensia. Ndivyo alivyotaka."

"Mgonjwa anatakaga mengi. Juzi shangazi yangu mimi alitaka soda ya rangi ya kijani. Sikiliza. Siku ya kuaga, watu wa Murangi wote na Bukima watapita pale mmoja mmoja. Watauliza, kashona nani? Wataambiwa, wifi yake, yule fundi wa Bunda. Uso utaupeleka wapi?"

"Nitauacha hapo hapo ulipo."

"Haya. Mimi nimesema. Mihogo hutaki?"

Sikutaka mihogo.

Jumanne, 25 Machi, Kupashwa Habari Bikira Maria

Nimeweka maua.

Nimeyaweka meupe juu ya kitambaa cheupe, shanga ndogo kabisa, kifuani na shingoni tu. Mgongoni sikuweka, kwa sababu ya zile alama. Nilisali Rozari nzima nikishona. Nikamwambia Mama Maria, hataona, macho yake yameingia ukungu, na watu wataona kwamba alipendwa. Lilian, ni gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Namshukuru Mungu kwa mikono hii.

Jumamosi, 29 Machi. Murangi

Nimepaki gauni kwenye nailoni mbili. Pikipiki ilikwama Bugwema kwenye udongo mweusi mara tatu, ya tatu nikavua viatu nikasukuma na mimi. Nilifika saa nane nimelowa, gauni kavu.

Wifi hakuinua kichwa. Alisema, "Lete," nikamwekea gauni mapajani. Akaanza kulipapasa toka chini. Pindo. Kiuno. Akatabasamu. Mkono ukapanda kifuani, vidole vikasimama.

Vikazunguka ua la kwanza. La pili. Vikapanda mpaka shingoni, polepole, kama mtu anayesali Rozari yeye pia. Clementi na Nyangi walikuwa mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ilibidi mtu aongee kwa nguvu, lakini yeye hakuongea kwa nguvu, nikainama.

"Umenishinda tena, wifi."

"Ni madogo. Ni meupe, hayaonekani."

"Kama hayaonekani umeyaweka kwa ajili ya nani?"

Nilianza kusema kuhusu watu, na Bukima, na Miriamu. Akaniacha nimalize. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua, na nakuandikia kama alivyolisema.

"Lilian alilileta hapa gauni lake la harusi. Jumatano, siku tatu kabla. Hukujua?"

"Alisema anakuja kukusalimia."

"Alikuja kunionyesha. Aliligeuza ndani nje pale kwenye kiti. Akaniambia, shangazi, shika mshono huu. Nikashika. Hujui ndani ni wapi na nje ni wapi. Akasema, mama alinifundisha kushona nikiwa na miaka tisa, alinifumulisha pindo moja mara kumi na moja. Nimeacha gauni tupu makusudi. Nikiweka lesi ataangalia lesi. Nataka aangalie mishono."

Nilikaa chini sakafuni.

"Na wewe ukaifunika," alisema wifi. "Jumamosi ile alinipigia simu kabla ya misa amejifungia chooni. Hakuwa analia kwa ajili ya lesi, Matrida. Alisema, mama hakugeuza hata pindo."

Ni kweli. Sikugeuza. Nilikaa nalo chumbani saa nne nzima, nikalitoboa kila mahali, na sikuangalia hata mara moja namna lilivyoshonwa. Mwanangu, nisamehe. Nimeandika neno hili mara moja, lakini nimelisema njia nzima.

Nilimwambia wifi nitarudi Bunda ninunue poplini, nishone jingine.

"Hapana. Fumua hili. Hapa hapa, nikikusikia."

Jumapili, 30 Machi

Barabara ya Bugwema imefungwa na maji. Nimebaki. Nilisali naye nyumbani, Clementi akasoma Injili ya mwana mpotevu. Nilimsikiliza nikiwaza kwamba kumbe mama naye anaweza kupotea na yuko nyumbani kwake.

Jumatatu, 31 Machi

Nafumua. Yeye anashika bakuli la plastiki juu ya tumbo, mimi nadondosha shanga. Anahesabu kwa sauti mpaka usingizi unamchukua, akiamka anaanza moja. Nyangi ameleta uji wa mtama na supu ya samaki ningu, wifi alikunywa vijiko viwili.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Nafumua. Leo alisema, "Hili ua ulilifunga kwa hasira," na kweli uzi wake ulikuwa mgumu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemaliza. Nikalinyoosha gauni mbele ya dirisha nione, nikashtuka. Satini haisameheagi sindano. Kila mahali palipokuwa na shanga pamebaki tundu. Maua yote yako pale pale, kwa matundu. Nililipiga maji nikalipasi kwa pasi ya mkaa ya Nyangi, wapi. Ukilisogeza kwenye mwanga yanaonekana vizuri kuliko hata yalivyoonekana kwa shanga.

Nililia kwa sauti. Poplini ingepona, ningekuwa nimesikia toka mwanzo ingekuwa imepona. Nikamwambia wifi nimeliharibu, acha nitafute kitambaa Musoma, hata kwa mtumbwi.

"Yanachoma?" aliniuliza.

"Nini?"

"Hayo matundu."

"Hapana. Matundu hayachomi."

Alinyoosha mkono akapapasa kifuani pa gauni. Safari hii vidole havikusimama mahali.

"Basi limekwisha. Litundike pale nilione."

Haoni, Lilian. Nililitundika.

Ijumaa, 4 Aprili

Barabara imefunguka. Nilipoaga aliniambia, "Msalimie mwanao." Nikasema hapokei simu. Akasema, "Mwandikie." Nikamwambia naandika. Hakuniuliza naandika nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Wateja wa Pasaka. Rinda, rinda, rinda. Nashona, mkono unakwenda wenyewe.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Mvua ilitukuta kwenye maandamano. Matawi yalilowa. Miriamu aliniuliza habari ya gauni, nikamwambia nimeyafumua maua. Akatingisha kichwa, akasema, "Shauri yako na Bukima yako."

Jumatano Kuu, 16 Aprili

Amefariki leo saa moja asubuhi. Clementi alipopiga sikupokea mara ya kwanza. Niliiacha iite. Nilikuwa najua.

Raha ya milele umpe ee Bwana.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili. Murangi

Tumemzika leo.

Unajua siku hizi tatu hakuna misa ya mazishi. Toka Alhamisi Kuu kengele hazipigwi na altare imevuliwa hata kitambaa. Padri alisoma somo, tukasali, basi. Kwaya haikupiga kinanda. Wifi yangu aliyependa shamrashamra, amezikwa siku ambayo Kanisa lenyewe halina kitu mwilini. Clementi alitaka tusubiri mpaka Jumatatu ya Pasaka apate misa na nyimbo. Wazee wa ukoo walisema mvua inaharibu kaburi, maji yanajaa. Mimi nilinyamaza. Safari hii nilinyamaza.

Mimi na Nyangi ndio tuliomvalisha. Gauni lilimpwaya, nilimpima mwezi uliopita tu. Nikamwekea rozari mkononi, ile ya mbao.

Halafu watu wakaanza kupita. Nilikuwa nimekaa kichwani pake. Mvua ilikuwa manyunyu, wamejifunika khanga na mifuko ya nailoni. Nilisikia kila kitu. Mwanamke mmoja wa Bukima, simjui jina, alimnong'oneza mwenzake, "Fundi mzima, wifi yake anamzika na shuka." Mwenzake akasema, "Labda hawakuwa wanapatana." Lilian, liliniingia mpaka kwenye mfupa. Nilitaka kusimama. Nilitaka kumwita yule mama arudi, nimshike kidole, nimpitishe kwenye kila tundu.

Nikakaa.

Wakaendelea kupita. Baada ya hao wawili nikaona kitu. Hakuna aliyetazama gauni. Mtu akifika anatupa jicho kifuani, hapati kitu cha kushika, jicho linapanda usoni, linabaki pale. Watu walikaa naye. Bibi Getruda, jirani yake, aliyekosana naye kwa habari ya mpaka wa shamba, alisimama mpaka foleni ikakwama nyuma yake, akasema, "Kumbe alifanana na mama yake hivi." Nimekuwa wifi wa mtu huyu toka nina miaka ishirini na mbili na mimi pia sikuwahi kuona. Amefanana na mama yake. Na wewe umefanana naye, paji la uso na ile mikunjo karibu na macho.

Hatukukuambia siku ile ile kwa sababu Faustine alisema presha yako imepanda. Usimlaumu, wala usimlaumu Clementi. Ukisoma hapa naamini Faustine ameshakuambia, kwa taratibu.

Pasaka, 20 Aprili

Kengele. Maua altareni. Nimelia misa nzima, watu wamedhani ni furaha.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Matrida mimi nimelala mchana, jambo ambalo sifanyagi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinapungua. Miriamu ameleta kitenge chake cha harusi ya mdogo wake, anasema fundi hajipimi mwenyewe, anataka mabega makubwa, lesi, na shanga mpaka mgongoni. Nilimshonea. Shanga za mgongoni nimekataa. Akauliza kwa nini, nikamwambia, "Utalala nazo." Akacheka. "Nani analala na gauni la harusi?"

Sitaki udhani nimegeuka, Lilian. Maua nayapenda bado. Nikiona ukuta mtupu mkono wangu bado unatafuta msumari. Wewe na zile nguo zako za rangi ya mchanga, sitazivaa mimi. Lakini jana nilitoa picha yako ya harusi, nikachukua miwani, nikaenda mlangoni kwenye mwanga, nikatafuta mishono yako. Nilitafuta pembeni ya lesi, chini ya rinda, popote ambapo sikufika. Sikuona hata mmoja. Nimefunika vizuri mno.

Kama gauni bado unalo, usilifumue kwa haraka, litararuka. Sijui ni kitambaa gani ulitumia, sikukuuliza hata hilo. Kama ni poplini, matundu yatapona. Kama ni satini, unajua sasa.

Jumatatu, 12 Mei

Leo jua. Lile dimbwi la Bugwema barabarani limekauka, limebaki tope lenye nyufa. Kesho basi la Arusha linapita saa kumi na mbili asubuhi, nitampa kondakta daftari hili na kifurushi.

Kwenye kifurushi kuna kigauni cha mtoto. Ni pamba nyeupe, niliifua kwanza ilainike. Nimeshona kwa mkono, mishono imegeuzwa ndani isimguse. Hakina kitu. Pindoni nimeacha nafasi ya vidole viwili. Utepe mwekundu ninao, upana huo huo, umekaa hapa mezani karibu na daftari. Naweza kuuweka, naweza kuurudisha sandukuni, kwangu sasa ni sawa. Ila sitauweka mpaka wewe useme. Kigeuze ndani nje ukitazame kwanza.

Jitunze, kunywa maji mengi, msalimie Faustine. Shangazi yako alikusalimia.

Nijibu mapema, mwanangu, kabla mtoto hajazaliwa.

Mama yako,
Matrida